Pini za GPIO zilizo nyuma ya maikrokontrola: mnaohakiki kodi ya draiva, mnaanza kuangalia wapi?

#1 Mchimba Kodi

Wakuu, salaam.

Naihakiki draiva ya pini za GPIO (pini za kutoa na kupokea ishara) ya kerneli ya Linux kabla haijaenda kwenye bodi zetu za miradi ya maji, na nia ni siku moja ipokelewe kwenye kerneli kuu. Bodi ina prosesa inayoendesha Linux, na pembeni kuna maikrokontrola ya STM32F030 iliyounganishwa nayo kwa I2C (basi la nyaya mbili) ya kHz 100. Pini 16 tunazozitumia ziko zote kwenye hiyo maikrokontrola: 8 zinaendesha rilei za pampu na valvu, 8 zinasoma vielea vya tanki na vitufe. Linux haigusi pini hata moja kwa mkono wake. Inatuma amri, STM32 inatekeleza.

Dalili ni hii. U-Boot, programu inayoiamsha kerneli, inawasha rilei ya pampu mapema, makusudi, ili maji yasikatike kerneli ikiwa bado inaamka. Baadaye kwenye baadhi ya bodi, si zote, rilei ile inadondoka na kurudi. Mara nyingine hutokea draiva inapopanda, mara nyingine valvu inapowashwa, na kuna bodi hufanya hivyo asubuhi tu.

Kipande ninachokitilia shaka:

```
static void mcu_gpio_set(struct gpio_chip *gc,
                         unsigned int ofs, int val)
{
    struct mcu *m = gpiochip_get_data(gc);

    if (val)
        m->shadow |= BIT(ofs);
    else
        m->shadow &= ~BIT(ofs);

    i2c_smbus_write_word_data(m->client, CMD_OUT, m->shadow);
}
```

Msimamo wangu ni kwamba mhakiki aanze na can_sleep (alama ya kuiambia kerneli kwamba kugusa pini kunaweza kumlaza aliyeita), kwa sababu pini ziko ng'ambo ya basi la polepole. Mwenzangu anasema kwanza isomwe fimwea ya STM32 (programu iliyo ndani yake), kodi ya kerneli baadaye. Nyie mnaanzia wapi?

#2 Kisimbuzi

Nakaa hapa mstari wa mbele. Waje wenye kerneli yao.

#3 Mzee wa Viraka

Mkuu Mchimba, can_sleep ni lazima, ila haiwezi kudondosha rilei. Tuiweke mahali pake kwanza.

Kuandika neno moja kwa SMBus, itifaki inayopita juu ya I2C, ni baiti 4: anwani, amri, na data 2. Kila baiti ni biti 9 ukihesabu ya kukubali, kwa hiyo biti 36. Kwa kHz 100 hiyo ni takriban mikrosekunde 360, na muda wote huo aliyeita amelala akisubiri basi. Ndiyo maana gc->can_sleep iwe true, na anayeitumia pini aite gpiod_set_value_cansleep. Akiita ile isiyo na cansleep, gpiolib (sehemu ya kerneli inayosimamia pini) itamwaga onyo kwenye dmesg (kumbukumbu za kerneli). Ukisahau kabisa kuweka can_sleep, utakutana na "BUG: sleeping function called from invalid context" siku mtu akiita ndani ya spinloki (kufuli ambalo hairuhusiwi kulala ukiwa umelishika), mradi CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP imewashwa. Isipowashwa huenda usione kitu mpaka mfumo ugande.

Sasa kodi yako. Ninayaona mambo matatu ndani ya mistari michache:

Hakuna kufuli. Nyuzi mbili zikiingia pamoja, moja inasoma shadow (nakala ya hali ya pini ndani ya draiva), nyingine inaibadilisha, na mmoja wao anapoteza biti yake. Weka mutex (kufuli linaloruhusu kulala). Spinloki haifai hapa kwa sababu unalala ndani yake.

Jibu la i2c_smbus_write_word_data limetupwa. STM32 ikikataa ujumbe, shadow inasema pini imewaka wakati pini imezima, na kuanzia hapo draiva inaamini uongo.

La tatu ndilo zito: shadow inaanza na nini?

#4 Mchimba Kodi

Inaanza na 0. Muundo umetengwa kwa devm_kzalloc, inayojaza sifuri.

#5 Mzee wa Viraka

Basi umejijibu. U-Boot imewasha biti 0, draiva inapanda na shadow ya 0, programu inawasha valvu namba 5, na draiva inatuma neno zima 0x0020. Biti 0 imekwenda. Pampu chini, programu ya pampu inagundua, inaiwasha tena. Hiyo ndiyo dondoka-na-kurudi yako.

#6 Nyaya Tatu

Naheshimu hoja ya Mzee lakini siikubali yote. Mchimba kasema "baadhi ya bodi". Kodi ni ile ile kwenye bodi zote, kwa nini nyingine zisidondoke?

Mimi nashika kisu cha kulehemu kabla ya kushika kodi. STM32F0 ikitoka kwenye riseti pini zake nyingi huwa ingizo linaloelea, haziko juu wala chini. Kama geti la MOSFET (transista inayoendesha rilei) halina rezista ya kuvuta chini, rilei inaamuliwa na unyevu na kelele za nyaya. Bodi moja itatulia, ya pili itatetemeka. Hapo hata uandike draiva ya dhahabu.

Na hiyo ya asubuhi tu inanukia umeme. Asubuhi betri ya sola iko chini kabisa, pampu inapoanza inavuta mkondo mkubwa, volti inazama, STM32 inajiriseti, pini zinaelea. Linux haijui kwamba jirani yake amezimia na kuamka.

#7 Kipanga254

Kabla hatujagawana timu za kodi na waya, swali kwa Mchimba: hiyo programu ya kuwasha valvu ni gani? Ni C yenu wenyewe, au ni skripti inayoita gpioset?

#8 Mchimba Kodi

Ni skripti, gpioset ya libgpiod (zana za kugusa pini kutoka nje ya kerneli), inaendeshwa na systemd (msimamizi wa huduma za Linux).

#9 Kipanga254

Nilidhani hivyo. Libgpiod ya 1 na ya 2 hazifanani tabia. Ya zamani, gpioset kwa kawaida iliweka thamani na kutoka. Ya toleo la 2, iliyotoka 2023, inaishikilia pini mpaka uiue. Na mchakato ukishaachia pini, hakuna anayekuhakikishia kwamba thamani itabaki, inategemea draiva. Kwa hiyo systemd ikiua ile huduma na kuianzisha upya, pini inaachiwa kwa muda fulani. Kama draiva au fimwea inarudisha pini kuwa ingizo inapoachiwa, rilei inadondoka kisha inarudi, sawasawa na ulivyoeleza.

Linganisheni matoleo. Bodi zinazodondoka huenda zina picha ya mfumo tofauti na zile zilizotulia.

#10 Msukuma Pini

Nyie wa libgpiod mnaringa. Sisi bado tuko na echo kwenye /sys/class/gpio na maji yanatoka 😀

#11 Kipanga254

Msukuma, hiyo njia imetangazwa kuachwa tangu kerneli 4.8, mwaka 2016. Utakuja kulia.

#12 Msukuma Pini

Nimeshalia mkuu, ndiyo maana nimeitaja. Kuna Raspberry Pi tuliihamishia kerneli 6.6, skripti ya echo 17 ikakataa kabisa. Namba zilikuwa zimeanzia 512, kwa hiyo pini 17 imekuwa 529. Mteja anapiga simu, mimi natafuta pini iliyohama jina.

#13 Mzee wa Viraka

Na hilo linarudi kwenye uhakiki. Mchimba, angalia gc->base kwenye draiva yenu. Iwe -1, kerneli igawe namba yenyewe. Mtu akiweka namba ya kudumu siku hizi anapewa onyo kwenye dmesg, na wasimamizi wa gpio, Linus Walleij na Bartosz Golaszewski, hawataipitisha kwenye draiva mpya.

#14 Bi Rejista

Habari zenu. Nimesoma uzi wote, nami naomba tuangalie mfano hai badala ya kukisia. Kuna draiva iliyo ndani ya kerneli inayofanya kazi hii hii: ya ruta ya Turris Omnia, iliyotengenezwa na CZ.NIC wa Ucheki. Prosesa yake ni Marvell Armada 385, na pembeni kuna maikrokontrola kwenye I2C inayoshika baadhi ya pini, kitufe cha mbele, umeme wa USB na kadhalika. Draiva iliandikwa na Marek Behún. Iko drivers/gpio na iliingia kerneli 6.10.

Cha kujifunza pale ni jinsi pini za kutoa zinavyoandikwa. Amri ya kudhibiti inabeba vitu viwili: thamani na kinyago. Kinyago kinasema "nagusa biti hii tu, nyingine ziache zilivyo". Maikrokontrola ndiyo inayobadilisha biti moja ndani ya rejista yake. Draiva haihitaji shadow ya pini za kutoa, na ugonjwa alioutaja Mzee kwenye #5 haupati pa kuingilia.

Mchimba, CMD_OUT yenu inatuma neno zima. Hilo ni kosa la itifaki. Ukiliziba ndani ya draiva, mwandishi wa pili wa draiva, mathalani wa U-Boot, atalirudia.

#15 Kipanga254

Dada Rejista, masahihisho mawili madogo. Haiko drivers/gpio, iko drivers/platform/cznic, kwa sababu maikrokontrola ile inatoa zaidi ya pini: kuna wochidogi (kipima muda cha kuriseti mfumo ulioganda), namba za bahati nasibu, na kuamsha ruta kwa saa. Na iliingia 6.11, mwaka 2024. Mengine yote naunga mkono.

#16 Bi Rejista

Shukrani, niliandika kwa kumbukumbu. Ni 6.11 kweli.

#17 Fundi wa Muscat

Swali la pembeni. Kwa nini draiva ya pini iwekwe platform? Nimeona ya Diolan DLN-2, ile adapta ya USB, mzizi wake uko mfd na pini zake ziko gpio-dln2. Na ya Intel LJCA mzizi uko usb, pini ziko gpio-ljca. Kila mtu ana nyumba yake.

#18 Mzee wa Viraka

Ni mjadala mrefu, na wasimamizi wenyewe hawana kauli moja. Kama maikrokontrola inatoa pini tu, weka drivers/gpio na umemaliza. Ikitoa pini, I2C na SPI ambazo hazijuani, igawe vipande, kila kipande kwa msimamizi wake. Lakini kama vyote vinashirikiana amri moja na kufuli moja, kuvigawa kunakuletea kazi ya kupitishana kufuli kati ya moduli, na mimi hapo naona bora vikae pamoja.

Ukiwa kwenye USB kuna jambo la ziada la kuhakiki: bafa ya kutuma isiwe kwenye steki ya fankisheni. Tengeni kwa kmalloc. Steki ya kerneli siku hizi inaweza kuwa kwenye kumbukumbu ya vmalloc, na DMA (kifaa kusoma kumbukumbu moja kwa moja) haifanyi kazi juu yake.

#19 Mchimba Kodi

Yetu inatoa pini tu. Nimeipenda hoja ya kinyago, na fimwea tunaiandika wenyewe kwa hiyo inawezekana. Ila kuna bodi ziko vijijini na fimwea ya zamani, hatuwezi kuzifikia zote.

#20 Bi Rejista

Basi mfanye kama walivyofanya Omnia: draiva inaiuliza maikrokontrola ina uwezo gani, kisha inachagua njia. Mfano wao mzuri ni kitufe cha mbele. Fimwea ya zamani haitoi taarifa kitufe kinapoachiwa, inatoa kinapobonyezwa tu. Draiva inaigiza kuachiwa baada ya muda mfupi. Fimwea mpya inatoa taarifa zote mbili, kwa hiyo uigizaji haufanyiki.

Kwa bodi zenu za zamani: draiva ikipanda, isome kwanza hali ya pini kutoka STM32 na kuijaza shadow kabla ya devm_gpiochip_add_data. Je, fimwea ya zamani ina amri ya kusoma pini za kutoa?

#21 Mchimba Kodi

Inayo, CMD_IN inarudisha biti zote 16 pamoja na za kutoa.

#22 Nyaya Tatu

Inarudisha ulichoandika kwenye rejista, au volti iliyoko pinini? Kwenye STM32, ODR ni ulichoagiza na IDR ni kilichopo. Pini ikivutwa chini na shoti, ODR itasema 1 na IDR itasema 0. Msipokubaliana mnasoma ipi, shadow itajazwa na kitu kisicho sahihi.

#23 Mzee wa Viraka

Safi sana, Nyaya. Hilo ndilo swali nililotaka liulizwe: ni nani anashika ukweli kuhusu pini kwa wakati huu? Mimi nikihakiki draiva ya aina hii nalishika hilo swali na kulipitisha kila fankisheni. Wakati wa kupanda, ni maikrokontrola. Baada ya kuandika kukafaulu, wote wawili. Baada ya kuandika kukashindwa, hakuna ajuaye, kwa hiyo soma upya. Na maikrokontrola ikijiriseti, draiva inashika ukweli wa jana.

Tazameni pia get_direction. Gpiolib inaiita kwa kila pini wakati chipu inasajiliwa. Irudishe GPIO_LINE_DIRECTION_OUT, ambayo ni 0, au GPIO_LINE_DIRECTION_IN, ambayo ni 1. Nimeona viraka (mabadiliko ya kodi yanayoletwa kuhakikiwa) vinavyozigeuza kwa sababu mwandishi alidhani 1 ni kutoa. Na ndani ya direction_output, thamani itangulie, mwelekeo ufuate. Ukigeuza pini kuwa ya kutoa kwanza, kwa zile mikrosekunde 360 inatoa thamani ya zamani. Rilei ya kawaida huenda isihisi, lakini mlango wa MOSFET utahisi. Bora zaidi amri moja ibebe vyote viwili.

#24 Msukuma Pini

Kwa hiyo Mchimba alikuja na can_sleep, anaondoka na orodha ya mahari 😀

#25 Mchimba Kodi

Nalipa, mkuu. Nimeongeza kinyago, mutex na kukagua jibu. Sasa jambo moja: nimeona set inarudisha void. Nikipata kosa nalipeleka wapi?

#26 Fundi wa Muscat

Kwenye kerneli mpya set inarudisha int. Imebadilika 6.15.

#27 Kipanga254

Karibu sahihi. 6.15 ilikuja set_rv kando ya set ya zamani, watu wakahamisha draiva moja moja, na kwenye 6.17 jina likarudi kuwa set na void ikaondoka. Zote 2025. Mchimba, kama bodi zenu ziko kwenye kerneli ya kabla ya hapo, angalau chapisha dev_err_ratelimited. Usilinyamazie kosa.

#28 Bi Rejista

Na kwa kuwa mmegusa makosa: mtu atakushauri ujaribu tena ujumbe ukishindwa. Hapo tulia, angalia ni amri gani. Amri ya "weka biti hii iwe 1 kwa kinyago hiki" unaweza kuirudia hata mara tano, matokeo ni yale yale. Amri ya "geuza pini" ukiirudia unairudisha ilikotoka, kwa hiyo isiwepo kwenye itifaki. Na amri ya "soma matukio na uyafute" ni mbaya kuliko zote: jibu likipotea njiani, maikrokontrola imeshafuta, kitufe kimebonyezwa na hakuna aliyejua.

#29 Kisimbuzi

Dada hapo umenigusa. Interapti zenyewe zinahakikiwaje? Pini za vielea lazima zitoe taarifa, si kuulizwa kila sekunde.

#30 Bi Rejista

Ndipo penye kazi hasa. Kerneli inapoita irq_mask na irq_unmask inakuwa imeshika spinloki ghafi, kwa hiyo hapo ni marufuku kuongea na I2C. Unabadilisha kinyago ndani ya kumbukumbu tu. Kisha irq_bus_sync_unlock inaitwa, spinloki imeachiwa, ndipo unatuma kinyago kwa maikrokontrola. Mhakiki akiona i2c_ ndani ya irq_mask, asimamishe kiraka hapo hapo, asiendelee.

Kishughulikiaji kiwe cha nyuzi, devm_request_threaded_irq pamoja na IRQF_ONESHOT. Ndani yake unasoma matukio, halafu kwa kila biti iliyowaka unaita handle_nested_irq.

Omnia wana ufundi hapa niliupenda. Maikrokontrola inarudisha matukio ya kupanda na ya kushuka kwa biti 32 kila upande, jumla baiti 8. Hawakuzipanga 4 za kupanda kisha 4 za kushuka. Wamezisuka: ya kwanza ya kupanda, ya kwanza ya kushuka, ya pili ya kupanda, ya pili ya kushuka. Faida yake ni kwamba kama pini zinazosikilizwa ziko kwenye baiti za mwanzo, draiva inasoma chache na kuacha zilizobaki. Kwa kHz 100 kila baiti usiyoisoma ni mikrosekunde 90 umeziokoa, na wakati huo basi linatumiwa na wengine.

#31 Nyaya Tatu

Na waya wa interapti uwe wa kiwango, si wa ukingo. STM32 iushushe na kuuacha chini mpaka kila tukio lisomwe. Ukitumia ukingo wa kushuka na tukio jipya likaingia katikati ya kusoma na kufuta, waya unabaki chini, hakuna ukingo mpya, na vielea vinanyamaza mpaka mtu azime bodi.

#32 Fundi wa Muscat

Nina hoja nyingine juu ya rilei. Je, moduli za rilei ni zile zinazowaka pini ikiwa chini? Nyingi za dukani zenye optokapla ziko hivyo. Kama DTS (faili inayoielezea kerneli bodi ilivyo) ina GPIO_ACTIVE_LOW na draiva nayo inageuza thamani ndani ya set, mmegeuza mara mbili. Kugeuza ni kazi ya gpiolib. Draiva ya chipu ishughulike na volti halisi tu.

#33 Mchimba Kodi

Rilei ziko kwenye bodi yetu wenyewe kupitia ULN2003 (chipu ya kuendesha rilei), zinawaka pini ikiwa juu. DTS ina GPIO_ACTIVE_HIGH. Hapo tuko salama.

Taarifa: nimeweka draiva mpya na fimwea yenye kinyago kwenye bodi za mezani. Kudondoka wakati valvu inawashwa kumekwisha. Mzee na Bi Rejista, hapo mlipatia. Lakini bodi moja ya wale wa asubuhi bado inadondosha pampu. Sijaona kosa lolote la I2C kwenye dmesg.

#34 Nyaya Tatu

Nilisema. STM32 inajiriseti. Pini ya 9 ya ULN2003, COM, imeunganishwa kwenye volti ya rilei? Bila hiyo, diodi za ndani hazifanyi kazi na koili inarusha mwiba wa volti kila inapozimwa.

#35 Mzee wa Viraka

Sijashawishika. STM32 ikijiriseti huku draiva inaongea nayo, I2C ingekataa angalau mara moja na tungeona kosa.

#36 Nyaya Tatu

Tu kama ungekuwa unaongea nayo wakati ule. Kuamka kwake ni milisekunde chache. Skripti ya Mchimba inagusa pini kwa nadra, uwezekano wa kugongana ni mdogo.

#37 Kipanga254

Na mimi bado niko na systemd. Mchimba, hujatujibu: hiyo bodi ya asubuhi ina libgpiod ipi? Na saa ya asubuhi inakodondoka, kuna taima ya logrotate au ya masasisho inayoanzisha upya huduma? Angalia journalctl ya dakika ile.

#38 Mchimba Kodi

Libgpiod ni ya 2. Kwenye journal huduma ilianzishwa upya asubuhi ile, ila sijajua kama ilianzishwa kabla ya rilei kudondoka au kwa sababu ilidondoka. Skripti hujiua ikiona pampu imezima.

#39 Fundi wa Muscat

Msisahau kunyoosha saa. Maikrokontrola ikiwa kwenye interapti yake inaishika SCL (waya wa saa wa I2C) chini mpaka iwe tayari. Kuna kontrola za I2C zisizovumilia jambo hilo, ya BCM2835 (chipu ya Raspberry Pi) inajulikana kwa hitilafu hiyo. Biti inahama, ujumbe unafika na thamani nyingine, na hakuna kosa linaloripotiwa. Hiyo inaeleza kwa nini dmesg iko kimya.

#40 Mzee wa Viraka

Hilo nalikubali kama jambo linalowezekana, na dawa yake ni baiti ya CRC (ya kugundua makosa) mwishoni mwa kila amri. SMBus inayo tayari, inaitwa PEC. Kwenye draiva unaweka I2C_CLIENT_PEC kwenye client->flags, na fimwea ikokotoe upande wake. Ujumbe ulioharibika utakataliwa badala ya kutekelezwa.

#41 Bi Rejista

Mnaweza kuendelea hivi mpaka kesho. STM32 ina rejista inayotunza sababu ya riseti ya mwisho, RCC_CSR. Mchimba, ongeza amri ya kuisoma na kihesabu cha kuamka, draiva ikichapishe kila kinapobadilika. Mkiona namba imepanda asubuhi, Nyaya ana hoja. Isipopanda, tunabaki na Kipanga na Fundi.

Na hata isipokuwa ndiyo sababu safari hii, draiva inatakiwa kujua jirani yake amejiriseti ili imtumie upya mwelekeo, thamani na kinyago cha interapti. Kama nami ningeombwa kuhakiki kiraka hiki, nisingekipa Reviewed-by (sahihi ya mhakiki) bila hilo.

#42 Mchimba Kodi

Naongeza leo. Nitaacha bodi ile ile na betri ile ile mpaka asubuhi, nisibadilishe kingine.

#43 Nyaya Tatu

Ukisoma RCC_CSR, usidanganyike na PINRSTF. Huwaka karibu kwa kila aina ya riseti. Iangalie kama imewaka peke yake: hapo ni waya wa NRST (wa riseti) unaopokea kelele kutoka nje. Na kapasita ya nF 100 kati ya NRST na gendi ipo kwenye bodi yenu? Tuma picha ya upande ule wa STM32.